Msaada unaomfundisha mtu kujitegemea

Katika kijiji chochote kikubwa, na katika mji wowote, yuko mtoto anayeachwa nyuma na wenzake. Wao wamekwisha kujua kuhesabu mpaka mia, yeye bado anahangaika na kumi. Wakitumwa sokoni, wao huleta chumvi na sabuni na franka zilizobaki; yeye hurudi na chumvi peke yake, au husahau njiani alichotumwa. Wengine humcheka. Wengine humwita jina baya: mjinga, mpumbavu, kichaa. Pengine wazazi wake huona haya, wakamficha ndani wageni wanapokuja.

Mtoto huyo si kichaa, wala si mvivu. Ana ulemavu wa akili. Somo hili linaeleza ulemavu huo ni nini. Tena linaeleza namna mtu aliye nao anavyoweza kujifunza kwenda mwenyewe, kufanya kazi na kuishi kwa heshima, akipata msaada ulio mzuri. Na jinsi michezo ilivyofungulia wengi wa namna hiyo njia.

1. Ulemavu wa akili ni nini?

Mtu mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole kuliko wengine, tangu utoto wake. Mambo mawili humpata. La kwanza, kufikiri kwake ni kuzito: kusoma, kuhesabu, kukumbuka maneno mengi kwa mara moja ni kazi ngumu kwake. La pili, kazi ndogo za kila siku humshinda: kuvaa, kununua, kujua saa, kushika njia ya kwenda mahali na kurudi. Waganga husema mtu ana ulemavu wa akili kama mambo hayo mawili yako pamoja, na kama yalionekana kabla hajawa mtu mzima. Mtoto anayeshindwa masomo kwa sababu ya njaa, au kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri, huyo ana shida nyingine.

Wala ulemavu huo si kichaa. Kichaa ni ugonjwa. Waweza kumpata hata mtu mwenye elimu nyingi, na mara nyingi dawa humsaidia. Ulemavu wa akili hauna dawa ya kunywa. Dawa yake ni kufundishwa.

Tena wenye ulemavu huo hawalingani. Walio wengi wana ulemavu mdogo. Hao huweza kujifunza kusoma kidogo, kushika kazi, na kujitunza wenyewe wakiwa watu wazima. Wachache wana ulemavu mkubwa, nao huhitaji mtu wa kuwaangalia siku zote. Lakini hata hao hujifunza kitu: kushika kijiko, kunawa, kuonyesha wanalotaka.

2. Unatoka wapi?

Sababu ni nyingi. Nyingine huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwili wa mtu umefanywa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna kama nyuzi 46, ziitwazo kromosomu, ambazo hubeba urithi wa baba na mama. Watoto wengine huzaliwa na kromosomu 47. Mganga wa Uingereza, John Langdon Down, aliandika habari za watu wa namna hiyo mwaka 1866, wakaitwa kwa jina lake. Lakini sababu yenyewe haikujulikana mpaka mwaka 1959, waganga wa Ufaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza habari ya ile kromosomu moja iliyozidi.

Sababu nyingine ni pombe anayokunywa mama mwenye mimba. Nyingine ni kukosa hewa mtoto anapozaliwa. Nyingine ni malaria inayopanda ubongoni, au meningiti.

Tena kuna kukosa iodini, kitu kidogo ambacho mwili hukipata katika chakula na chumvi. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, waganga waliofika miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye uvimbe wa shingo, yaani rovu. Udongo wa huko una iodini kidogo mno. Mama asipopata iodini ya kutosha wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haukui vizuri, na mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili. Kinga yake ni rahisi: chumvi iliyotiwa iodini.

Katika sababu hizo zote hakuna hata moja iliyo uchawi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili si mchawi, wala hakulogwa na nyanya yake. Anayemshitaki hivyo humtendea vibaya mtu ambaye hawezi hata kujitetea.

3. Walifungiwa mbali

Zamani, katika Ulaya na Marekani, watu wengi waliona wenye ulemavu wa akili hawafundishiki. Waliwapeleka katika nyumba kubwa, mbali na mji. Huko walilishwa na kuvishwa, lakini wengi hawakufundishwa kitu. Mtu aliingia mtoto, akatoka mzee, au hakutoka kabisa. Basi watu walisema: “Tazameni, hawawezi lolote.” Lakini nani angejua kuoga mwenyewe, kama kila siku anaogeshwa? Nani angejua feza, kama hajawahi kupewa hata moja mkononi?

Jamaa wakubwa pia walipatwa na shida hiyo. Katika Marekani ilikuwako jamaa ya Kennedy, ambayo mtoto wake John alikuwa rais wa nchi mwaka 1961. Dada yake, Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mzito wa kujifunza. Mwaka 1941 baba yake alikubali apasuliwe ubongo, akitumaini atapata nafuu. Upasuaji ule ulimharibu. Hakuweza tena kusema vizuri wala kujitunza, akaishi katika nyumba ya kutunzwa mpaka kufa kwake mwaka 2005.

Mdogo wake, Eunice Kennedy Shriver, hakusahau jambo hilo. Katika utoto wao alikuwa akiogelea na kucheza pamoja na Rosemary, akajua kwa macho yake kwamba dada yake aliweza mambo mengi. Mwezi wa 6 mwaka 1962 aliwaita watoto wenye ulemavu wa akili waje kwenye shamba lake katika Maryland. Akawatafutia vijana wa kucheza nao, kila mtoto na msaidizi wake. Wakaogelea, wakapanda farasi, wakapiga mpira. Watu walikuwa wamemwonya kwamba watoto wataumia na kugombana. Haikuwa hivyo. Watoto walijifunza, na vijana waliowasaidia walijifunza kuliko wao.

Siku ya 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, yalifanywa mashindano ya kwanza. Walikuja karibu watu elfu moja wenye ulemavu wa akili, kutoka Marekani na Kanada. Mashindano hayo yaliitwa Special Olympics. Leo yanafanywa katika mabara yote. Mwaka 2019 wachezaji wa nchi nyingi walikutana Abu Dhabi, na mwaka 2023 walikutana Berlin.

Katika mashindano hayo kuna sheria moja yenye busara. Mwepesi hashindanishwi na mzito. Kwanza kila mchezaji hupimwa; halafu huwekwa pamoja na wenzake walio karibu naye kwa nguvu na kwa umri. Hivyo kila mmoja anaweza kushinda, lakini hashindi bila kujitahidi. Mtu asiyewahi kushinda hata mara moja maishani mwake huonja furaha hiyo, akataka kujaribu tena.

4. Loretta Claiborne

Mwaka 1953, katika mji wa York, jimbo la Pennsylvania, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Loretta Claiborne. Alikuwa mmoja wa watoto saba, na mama yao aliwalea peke yake. Loretta alizaliwa na macho mabovu. Alichelewa sana kutembea na kusema, na akili yake ilikuwa nzito. Wakubwa walimshauri mama ampeleke katika nyumba ya wasiofundishika. Mama alikataa. Akamweka nyumbani pamoja na ndugu zake.

Shuleni wenzake walimcheka na kumsukuma. Loretta alikuwa na hasira, alipotukanwa alipigana. Lakini kaka yake alikuwa mkimbiaji, naye Loretta akaanza kumfuata nyuma. Hapo aliona jambo la ajabu: alipokimbia, hasira ilipungua. Miguu yake haikujua kwamba watu humwita mpumbavu.

Mwaka 1970 mfanyakazi mmoja wa kusaidia walemavu alimpeleka kwenye michezo ya Special Olympics. Loretta alijitahidi mwaka kwa mwaka. Akakimbia maratoni, yaani mbio za kilometa 42. Akakimbia maratoni 26 kwa jumla, na katika mji wa Boston pia, pamoja na wakimbiaji wasio na ulemavu wowote. Akajifunza karate mpaka kuvaa mkanda mweusi. Akajifunza lugha ya ishara, aweze kusema na viziwi. Mwaka 1996 alipewa tuzo ya ushujaa yenye jina la Arthur Ashe, mchezaji mkubwa wa tenisi, na mwaka 2000 ilitengenezwa sinema ya maisha yake. Vyuo vikuu viwili, Quinnipiac na Villanova, vimempa udaktari wa heshima.

Tuzo ni nzuri, lakini liko jambo lililo kubwa kuliko tuzo. Mtoto ambaye watu walitaka kumfungia amekuwa mtu mzima anayejitunza. Amesafiri nchi nyingi. Amekaa katika baraza la wakubwa wa Special Olympics, akitoa maoni yake katika mambo yanayowahusu watu kama yeye. Zamani wengine walisema kwa ajili yao; sasa anasema mwenyewe.

5. Namna ya kufundisha

Je, hayo yalitokea kwa bahati? Hapana. Kuna maarifa ya kumfundisha mtu mwenye ulemavu wa akili, na mtu yeyote mwenye saburi anaweza kuyashika.

Maarifa ya kwanza: gawanya kazi. Ukimwambia, “Nenda ukanunue chumvi,” umempa kazi kumi kwa neno moja. Lazima achukue feza, ashike njia, apate duka, angoje zamu yake, aombe chumvi, atoe feza, angoje zinazobaki, apokee chumvi, ashike njia tena, akupe vyote viwili. Mfundishe moja moja. Leo mnakwenda pamoja, naye anatoa feza tu. Akijua hilo, ongeza lingine.

Maarifa ya pili: pengine anza na mwisho. Ukimfundisha kufunga kifungo cha shati, wewe ingiza kifungo nusu, yeye akivute mpaka kitoke upande wa pili. Hivyo yeye ndiye anayemaliza, naye hufurahi kwa kumaliza. Kesho mwachie zaidi kidogo, mpaka siku atakapofunga peke yake tangu mwanzo.

Maarifa ya tatu: punguza msaada wako polepole. Kwanza shika mkono wake. Halafu acha mkono, onyesha kwa kidole. Halafu acha kidole, mtazame tu. Mwisho ondoka. Hapa ndipo wengi hukosea. Wengine huondoka upesi mno, mtoto akashindwa, nao wakasema hawezi. Wengine hawaondoki kabisa. Humvisha na kumlisha hata akiwa na miaka ishirini, kwa sababu wanampenda. Upendo wa namna hiyo humfunga. Siku mama anapokufa, mtoto huyo hubaki bila kujua hata kujifulia shati.

Maarifa ya nne: rudia. Mwingine hujifunza jambo kwa mara tatu. Yeye pengine kwa mara mia mbili. Lakini akisha kulishika, mara nyingi hulishika imara, hulifanya sawasawa kila siku. Kwa hiyo wako watu wenye ulemavu wa akili wanaofanya kazi katika mashamba, jikoni, katika mikate na ushonaji, na wakubwa wao huwasifu kwa kutochelewa.

6. Chris Nikic na kamba

Tazama jinsi maarifa hayo yalivyofanya kazi kwa kijana mmoja wa Florida, katika Marekani. Jina lake ni Chris Nikic, naye ana ile kromosomu moja iliyozidi. Alipokuwa mtoto wa miezi mitano alipasuliwa moyo. Alitembea akiwa na miaka minne. Alikuwa na miaka 15 alipojua kupanda kinga bila magurudumu madogo ya kumshikilia.

Alipotaka kuwa na nguvu, baba yake hakumpa kazi kubwa. Walianza na kidogo kabisa: kujiinua kwa mikono mara moja tu, kuchuchumaa na kusimama mara moja tu. Kesho yake wakaongeza moja. Siku ikafuata siku. Mtu akiongeza tofali moja kila siku hauoni ukuta ukikua, lakini baada ya mwaka mmoja nyumba imesimama.

Siku ya 7 Novemba 2020 Chris, akiwa na miaka 21, aliingia katika mashindano magumu yaitwayo Ironman. Mshindani huogelea baharini karibu kilometa 4, hupanda kinga kilometa 180, halafu hukimbia kilometa 42, yote kwa siku moja, bila kupita saa 17. Chris alianguka na kinga. Aliposimama kula, sisimizi wakali walimuuma miguu. Alichoka hata akatamani kuacha. Lakini alifika, usiku, baada ya saa 16 na dakika 46. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu huo kumaliza Ironman.

Hakuwa peke yake. Msaidizi wake, Dan Grieb, alikwenda naye njia yote. Majini na katika mbio walifungwa kamba moja, wasipoteane. Hapo yafaa kufikiri. Kamba ile haikumvuta Chris. Dan hakumbeba hata hatua moja. Kama Chris angesimama, wote wawili wangesimama. Kazi ya kamba ilikuwa moja tu: kumwonyesha njia. Miguu ilikuwa ya Chris, na jasho lilikuwa la Chris.

Msaada mzuri uko kama kamba hiyo. Tena kujitegemea si kukaa bila mtu. Nani aliye bila mtu? Mwenye nguvu naye hujenga nyumba kwa kuita rafiki zake. Mwalimu naye huuliza njia akifika mji mgeni. Mtu hujitegemea anapofanya mwenyewe lile analoliweza, na kujua nani wa kumwita katika lile asiloliweza.

7. Kwa nini michezo?

Watu huuliza: je, isingefaa kumfundisha kazi tu, badala ya kumpigisha mpira? Lakini uwanja ni shule. Hapo mtoto hujifunza kufika kwa saa. Hujifunza kungoja zamu yake, kutii filimbi, kupokea kushindwa bila kupiga mtu. Mwili wake hupata nguvu za kubeba maji na kushika jembe. Tena hujifunza jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia nyumbani: kwamba akijitahidi leo, kesho ataweza zaidi. Mtu aliyejua hivyo uwanjani hulijua pia jikoni na shambani.

Watazamaji nao hujifunza. Baba aliyekuwa akimficha mtoto wake husikia watu wakimpigia makofi. Jioni anaporudi naye njiani, haoni haya tena kumshika mkono mbele ya watu.

Michezo hii haihitaji uwanja wa Chicago. Yatosha mpira wa nguo na kiwanja kilichofyekwa. Kuna timu zinazochanganya wenye ulemavu na wasio nao, wote wakivaa rangi moja, na hiyo ni njia nzuri kwa watoto wa shule. Mwenye nguvu akijua kumpasia mwenzake mpira polepole, na kumngoja aupige mwenyewe, amekwisha kuwa mwalimu wake.

Katika mtaa wako yuko mtoto wa namna hiyo, anayekaa mlangoni akitazama wengine wakicheza. Anajua jina lake. Anajua pia mnavyomwita mnapomcheka. Kesho mwiteni kwa jina alilopewa na mama yake, mkampe mpira.

Maswali

1. Ulemavu wa akili na kichaa, tofauti yake ni nini?
2. Kwa nini chumvi yenye iodini huwafaa watu wa Idjwi?
3. Loretta Claiborne aliona nini alipoanza kukimbia?
4. Gawanya kazi ya kuteka maji katika sehemu ndogo ndogo. Ni ngapi?
5. Kamba ya Chris na Dan ilikuwa na kazi gani?
6. Ni kazi gani nyumbani kwenu ambayo mtoto mdogo hufanyiwa na wengine, naye angeweza kufundishwa kuifanya mwenyewe?